Walimwandikia nani? Mwana Kupona, Sayyida Salme na Siti



Kuna swali nimeulizwa mara nyingi mwaka huu, na kila nikiulizwa huwa nimeshika futi mkononi na pini mdomoni. Biharusi kasimama mbele ya kioo, napima kifua, napima kiuno, mara anasema: "Dada, na mimi nataka niwe naandika. Nina mengi ya kuwaambia wasichana wenzangu. Lakini nani atanisoma mimi? Naanzia wapi?" Mtu mwenye pini mdomoni hajibu. Basi leo nimezitoa pini, nijibu kwa utulivu, na jibu langu nitalitoa katika historia ya visiwa vyetu, kwa sababu swali hili si la leo. Bibi zetu walilikuta kabla yetu, tena katika zama ambazo mtoto wa kike kushika kalamu ilikuwa aibu.

Tuanze mwaka 1856. Mwaka huo walifariki wanaume wawili waliokuwa mahasimu kwa muda mrefu. Mmoja ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliyefia baharini akirudi Unguja kutoka Maskati. Wa pili ni Bwana Mataka, mkubwa wa Siyu, mji ulioko kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, kaskazini ya pwani ya Kenya. Bwana Mataka hakukubali kuinamisha kichwa mbele ya Zanzibar. Sayyid Said alimpelekea majeshi, na mwaka 1845 jeshi lake lilishindwa vibaya upande ule, hata jemadari wake akauawa. Siyu haikutiwa mkononi mpaka wote wawili wameshaingia kaburini.

Skuli tulisomeshwa vita na majahazi, na nani alimpiga nani. Hatukuambiwa kuwa kila mmoja wa mahasimu hawa aliacha nyumbani mwanamke ambaye baadaye angeshika kalamu. Bwana Mataka aliacha mjane, Mwana Kupona binti Mshamu. Sayyid Said aliacha, miongoni mwa watoto wake wengi, binti wa miaka 12 aitwaye Salme. Vita vya waume na baba vimebaki katika vitabu vya wataalamu. Maneno ya wanawake wawili hawa yanasomwa mpaka leo.

Mwana Kupona alikuwa mtu wa Pate, na baada ya kufiwa aliishi Lamu. Mwaka 1858, sawa na mwaka 1275 wa Hijra, alikuwa mgonjwa. Anasema mwenyewe kuwa maradhi yamemshika mwaka mzima na hajapata nafasi ya kukaa na binti yake amwambie neno la maana. Binti huyo ni Mwana Hashima, msichana aliyekuwa kwenye umri wa kwenda kwa mume. Alikuwepo na mtoto wa kiume, mdogo.

Hebu tusimame hapo kidogo. Baba ameshakufa. Mama anajiona anaondoka. Msichana bado hajajua maisha ya ndoa. Nyinyi mlioolewa mnaujua ule usiku wa kabla ya harusi, watu wamejaa ukumbini, hina imekauka mikononi, somo anakuelekeza hili na lile, lakini jicho lako linamtafuta mama. Hata kama mama hasemi kitu. Mwana Kupona alijua kuwa usiku huo ukifika, yeye hayupo. Basi akamwita binti yake ajongee, akae mbele yake na wino na karatasi, kwa sababu ana maneno moyoni anayotaka kumwachia. Ndivyo unavyoanza Utendi wa Mwana Kupona. Hauanzi kwa kuwahutubia wanawake wa pwani. Unaanza na mtoto mmoja anayeambiwa asogee.

Anamwambia atamtungia hirizi, aifunge kwa uzi na kuitunza. Kisha anasema atamtungia kidani cha lulu na marijani. Mimi nikiisoma sehemu hii nacheka na nasikitika pamoja. Mama hana uhakika wa kuiona harusi, basi anampamba mwanawe kwa maneno, mapema. Halafu zinafuata nasaha zenyewe: ashike dini, faradhi asiziache na suna akiziweza azifanye, awe na adabu na ulimi mzuri, awe mkweli, ajiepushe na umbea. Anamweleza kuwa anahitaji radhi tano: ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Kisha anaingia ndani ya nyumba kabisa. Mume akitoka muage, akirudi mpokee na mwekee mahali pake, akilala usimwamshe. Nyumba iwe safi. Mwanamke ajipambe kwa hina na asmini, ajitie marashi. Anamsimulia na ndoa yake mwenyewe na Bwana Mataka, namna walivyokaa kwa furaha na namna mume alivyomfia akiwa radhi naye. Mwisho anageuka kuomba dua, aponywe, watoto wake wahifadhiwe, na Waislamu wote waombewe kheri.

Huko mwishoni ndipo anawakumbuka wengine. Anawaambia wanawake wote wasome, wafahamu, wasije wakalaumiwa mbele ya Mola wao. Yaani mlango ameufungua baada ya kwisha kuongea na mwanawe. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunaufungua mlango kwanza, tunawaita watu wote, halafu tunabaki tumesimama katikati ya ukumbi hatuna la kusema.

Mafundi wenzangu watanielewa nikisema hivi. Nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mmoja, ukimvalisha mwengine mwenye umbo lile inamkaa, labda upunguze urefu tu. Lakini ile nguo ya madukani, isiyo na saizi, iliyokatwa kwa kumfikiria kila mtu, haimkai mtu yeyote. Inaning'inia. Utendi wa Mwana Kupona ulikatwa kwa kipimo cha Mwana Hashima, na angalieni umewakaa wangapi.

Ulivyoenea ni jambo la kuzingatia. Haukuingia mtamboni. Uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa lahaja ya Kiamu, na ukapita mkono kwa mkono na mdomo kwa mdomo. Utendi umeundwa ukae kichwani. Ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani minane, vitatu vya mwanzo vina kina chao, cha nne kinarudia sauti ile ile kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, kama kibwagizo. Mwanamke anayefua au anayesuka ukili anaweza kuusoma bila ya karatasi. Aliyejua kuandika alinakili. Mwandishi mashuhuri wa Lamu, Muhamadi Kijuma, naye aliunakili, na kupitia watu kama yeye ukawafikia wageni waliokuwa wakitafuta mashairi ya kale. Bibi mmoja wa Kiingereza, Alice Werner, aliuchapisha mwaka 1917 pamoja na tafsiri, na mwaka 1934 ukatoka tena kwa jina lake na la William Hichens. Hapo tayari ulikuwa na karibu miaka 60 midomoni mwa wanawake. Mwana Hashima mwenyewe aliishi maisha marefu, akaingia karne ya 20, akauona utendi wake umekuwa wa watu wote. Leo wanafunzi wanausoma katika Tenzi Tatu za Kale, kitabu alichokihariri Mulokozi mwaka 1999.

Sasa nisije nikaonekana nauza kitu bila ya kuonyesha kasoro yake. Wapo wanawake wasomi, Waislamu na wasio Waislamu, ambao hawaupendi utendi huu. Wanasema unamfundisha mke kunyenyekea tu, na haumwambii mume afanye nini. Wapo wengine wanaojibu kuwa ukiusoma vizuri, anayeongoza nyumba ile ni mwanamke. Yeye ndiye anajua kila kitu, na mume anatunzwa kama mtoto asiyejua kusema. Mimi nipo katikati. Adabu anayoielekeza naiona ni adabu yetu, na haijanidhuru. Lakini naikumbuka hali yake: anaongea na msichana ambaye akirudishwa kutoka kwa mume hana baba wala mama wa kumpokea. Mama katika hali hiyo hafundishi mashindano. Anamfundisha mwanawe njia ya kusalimika. Biharusi wa leo mwenye wazazi wake, mwenye duka lake, asome kwa kujua hilo.

Jambo moja lakini siwezi kulipita kimya. Mwana Kupona anamwambia binti yake asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Ilikuwa nyumba ya wakubwa, na zama za utumwa. Wengi wetu tunaosoma hapa, tukipekua vizuri, ni wajukuu wa wale waliokuwa jikoni, sio wa waliokaa kitandani na wino. Hilo nitalirejea.

Turudi Unguja, kwa binti wa Sayyid Said.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, mama yake akiwa Jilfidan, mwanamke wa Kicherkesi. Watoto wa jumba walisomeshwa na mwalimu wa kike, wakikaa juu ya mkeka. Wavulana walifundishwa kusoma na kuandika. Wasichana kusoma tu. Msichana anayeweza kuandika, watu waliona, ataandika nini na kwa nani? Mtanisamehe, lakini maneno haya nimeyasikia kwa masikio yangu kuhusu wasichana na simu.

Basi akajifunza kwa siri. Aliuchukua Msahafu, akawa anaziangalia herufi na kuziiga moja moja juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa kuandikia wa watoto wa wakati ule. Hakuwa na mwalimu. Alipoweza kidogo, akamtafuta mtumwa mmoja aliyesoma amsahihishe mkono wake. Mambo yalipojulikana alisemwa sana, na anasimulia kuwa hakujali. Natamani kila anayeniuliza "naanzia wapi" aufikirie ule mfupa wa ngamia. Hakusubiri apatiwe daftari.

Lakini historia hii haina utamu mtupu. Ujuzi ule ulimtia mashakani upesi. Baada ya kufa kwa baba, Sayyid Majid alitawala Zanzibar, na ndugu yao Barghash akataka kumpindua. Mwaka 1859 njama ikapangwa, na wala njama walihitaji mtu wa kuwaandikia barua. Salme alikuwa na miaka 15, na alijua kuandika. Akawa katibu wao. Uasi ukashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki na majuto kwa sababu Majid alikuwa amemtendea wema siku zote. Mwaka huo huo alimpoteza mama yake kwa kipindupindu. Baadaye alipatana na Majid, na kundi la Barghash likamhesabu ni msaliti. Kalamu yake ya mwanzo, basi, aliwaandikia watu wengine, maneno ya watu wengine, kwa faida yao. Nimeona wasichana hodari wakianza namna hiyo na kuishia hivyo hivyo, hawana chochote chao.

Yaliyofuata mnayajua wengi. Alipendana na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, jirani yake Mji Mkongwe. Akashika mimba. Mwaka 1866 akaondoka kwa siri katika manowari ya Kiingereza hadi Aden, na huko mwaka 1867 akabatizwa jina la Emily na kuolewa siku hiyo hiyo. Najua hapa baadhi yenu mtaguna, na mimi sitawazuia. Kuacha dini si jambo dogo kwetu, wala yeye halikumpitia jepesi. Aliloandika baadaye kuhusu miaka yake ya mwanzo Ulaya lina uchungu wa mtu aliyebaki kati ya ng'ambo mbili. Hukumu ni ya Mwenyezi Mungu. Mimi namsimulia kama mwanamke aliyeandika.

Mtoto wao wa kwanza alikufa. Wakapata watoto watatu Hamburg. Mwaka 1870 mume akagongwa na tramu, akafariki. Salme alikuwa na miaka 25, mjane, katika nchi ya baridi ambayo lugha yake aliijua kwa kuombea maji, na mtoto wa mwisho bado yumo mikononi. Mali haikumtosha, akawa anasomesha Kiarabu apate riziki. Watoto wake walikua wakijua tu kuwa mama yao ni Mwarabu aliyezaliwa Zanzibar. Basi.

Na hapa ndipo nilipoyaweka mapokeo haya mawili pamoja, nikashika kichwa. Katika utangulizi wa kitabu chake, kilichotoka Berlin mwaka 1886, Salme anaeleza alivyoanza kuandika. Anasema miaka tisa nyuma aliamua kuyaandika maisha yake kwa ajili ya watoto wake. Alikuwa amechoka mwili na roho, na hakutarajia kuishi mpaka awaone wamekuwa wakubwa. Hakukusudia watu wengine wayasome. Marafiki ndio waliomshika mpaka akakubali kuyatoa.

Binti wa Sayyid Said na mjane wa Bwana Mataka, damu za mahasimu, mmoja Lamu na mmoja Ujerumani, mmoja kwa Kiswahili cha utendi na mmoja kwa Kijerumani cha kujifunza ukubwani. Wote wawili waliketi kuandika kwa sababu moja, mama anajiona anaondoka na mtoto hajaambiwa.

Kwa kuwa aliwaandikia watoto wasioijua Zanzibar, Salme hakuruka kitu. Mtu anayewaandikia wakubwa wenzake huruka, akisema "hayo yanajulikana." Yeye alieleza Mtoni na mabustani yake, mavazi ya wanawake, wageni wanavyopokelewa, posa na harusi, mwezi wa Ramadhani, Idi mbili, dawa na waganga. Ukitaka kujua mabibi wa Unguja walivaa nini katika miaka ya 1850, itabidi upite kwake. Mimi mwenyewe nimekopa kutoka humo wazo la suruali ya biharusi yenye marinda kifundoni, na mteja akapendeza. Alitaka pia kuwasahihisha Wazungu waliodhani mwanamke wa Mashariki ni mfungwa asiye na akili. Hapo anapiga hoja kwelikweli. Lakini kwenye sura ya utumwa anautetea, na hapo nafunga kitabu. Mtoto wa jumba aliyaona mambo kutoka juu ya baraza.

Kitabu kilisomwa, kikafasiriwa Kiingereza mwaka 1888. Je, kilimpa alichokuwa akikitafuta? Hapana. Mwaka 1885 alikuwa amerudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani kudai urithi wake. Barghash, yule aliyeandikiwa barua na mtoto wa miaka 15, sasa ndiye Sultani, na hakumpa hata salamu. Wajerumani walimtumia kwa siasa zao kisha wakamwacha. Akarudi tena mwaka 1888, ikawa vile vile. Niliwahi kusoma matangazo ya kutuahidi kuwa ukiandika utafanikiwa, utapata pesa, milango itafunguka. Huyu alikuwa binti mfalme, kitabu chake kikapita nchi kwa nchi, na urithi wake hakupewa. Alifariki Jena mwaka 1924, na katika vitu vyake palikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa Zanzibar, akazikwa nao Hamburg.

Aliandika pia barua nyingine ndefu za kueleza maisha ya Ulaya, akimwandikia rafiki wa nyumbani asiyetajwa jina. Hizo hazikuchapishwa katika uhai wake. Hata alipokuwa mwandishi mwenye kitabu dukani, bado alihitaji kumuona mtu mmoja mbele yake ndipo kalamu iende.

Nilisema nitawarejea wa jikoni. Hao hawakuwa na wino wala karatasi. Ndiyo sababu namweka hapa Siti binti Saad, ingawa hakuandika. Najua baadhi yenu hamuupendi muziki, na suala hilo lina masheikh wake, waulizeni wao. Mimi nazungumzia sauti.

Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, na jina alilopewa ni Mtumwa. Litazameni jina hilo, kisha mkumbuke wasia wa kutochanganyika na watumwa ila wakati wa kazi. Hakwenda skuli. Alikuwa akitembeza vyungu kutoka shamba hadi mjini, akivinadi kwa sauti njiani, na watu wanasema sauti ilijulikana kabla ya mwenyewe. Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko alifundishwa na wanamuziki, Ali Muhsin akiwa wa mbele, akajifunza kutamka Kiarabu na kusoma Kurani, akaingia kundi la wanaume waliokuwa mafundi kweli. Jina la Mtumwa likaondoka, akawa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Nyumbani kwake Ng'ambo watu walikusanyika usiku, na nyimbo zilitungwa kutokana na yaliyotokea mtaani. Upo wimbo wa Kijiti, unaosimulia mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja na muuaji akakimbilia bara. Wanawake wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti lao, na mahakama ilikuwa mbali nao. Waliisikia habari yao ikisemwa kwa Kiswahili chao, na mtu aliyewajua. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya His Master's Voice, na sahani zile zikapigwa pwani nzima. Ulaya hawakumlenga, wala Bombay. Walioko barazani ndio aliowaimbia. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na waandishi wanawake wa Tanzania walipoanzisha chama chao, TAMWA, mwaka 1987, gazeti lao waliliita Sauti ya Siti.

Tofauti yake na wale wawili ni kuwa wao waliandika kutoka ndani ya nyumba kubwa, yeye alisema kutoka uwanjani. Mnaponiambia "mimi sina elimu ya kuandika," huwa namkumbuka muuza vyungu. Mimi mwenyewe nilimaliza sekondari, nikaenda kujifunza charahani, na sentensi zangu za mwanzo zilikuwa na makosa ambayo wateja waliyasoma kwa sauti dukani huku wakicheka. Nikacheka nao.

Wiki iliyopita yule biharusi alirudi kujaribu gauni. Alikuja na ukurasa wake, umeandikwa vizuri kwa kalamu ya rangi, unaanza: "Kwa wanawake wote wa Kiislamu duniani." Nilisoma mistari mitano, nikaona ni ile nguo inayoning'inia. Nikamuuliza, katika wanawake wote hao, nani hasa anakunyima usingizi? Akafikiri. "Mdogo wangu," akasema. "Yuko Wete, anaolewa Mfungo Mosi, inshaallah, na mama hatunaye."

"Angekuwa hapa ungemwambia nini cha mwanzo?"

Akaangalia kioo, akaangalia mlango kama kuna mtu anasikiliza. "Ningemwambia dhahabu zake asimwazime wifi, hata kwa siku moja."

Tukacheka mpaka pini zikamchoma. Kisha uso ukambadilika, akaniomba kalamu. Kalamu sikuwa nayo karibu. Nikampa chaki ya kupigia mistari na karatasi ya kaki niliyokuwa nakatia mikono ya gauni lake, akakaa chini palepale sakafuni na gauni lake la harusi lisilopindwa, akaandika jina la mdogo wake juu.